Gugu Hili Halikutumwa na Jirani Yako

Asubuhi ya leo sitaanza na mahubiri. Nataka kuungama jambo mbele yako, halafu tuongee kuhusu shamba lako, maana mvua ndefu ziko karibu na najua wengi wenu mmeshaanza kutayarisha mashamba.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa letu, mjane, aliniita niombee mahindi yake. Tuko huku Busia, na mashamba yetu si makubwa. Lake lilikuwa nusu ekari, na hiyo nusu ekari ndiyo iliyolisha watoto wanne na kulipa karo. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Lakini mahindi yake yalikuwa yamedumaa, majani yamekuwa manjano na kunyauka kama ya shamba lililokosa maji. Ng'ambo ya mpaka, mahindi ya mke wa shemeji yake yalikuwa ya kijani, yamenipita kimo.

Katikati ya mahindi ya mjane kulikuwa na maua madogo ya zambarau. Mazuri kabisa kuyaangalia.

Kama wewe ni mtu wa magharibi mwa Kenya, umeshajua nasema nini. Wajaluo huliita kayongo, Waluhya wengi huliita oluyongo, na maafisa wa kilimo huliita striga. Hata Wazungu katika lugha yao waliliita gugu la mchawi.

Nikainua mikono nikaomba. Nikakemea. Nilipomaliza nikamwambia, "Mama, naona mkono wa mtu katika shamba hili."

Mpendwa, sikuwa nimeona chochote. Nilikuwa nimesikia watumishi wengine wakisema hivyo, na nilitaka kuwa na jibu. Ni vigumu pasta kusema "sijui".

Yule mama akageuka, akaangalia ng'ambo ya mpaka. Nami sikumwambia asiangalie huko.

Kufika Jumapili, kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Yule mke wa shemeji yake alikuwa mshirika wetu, akiimba na akina mama. Siku hiyo aliketi kwenye benchi peke yake. Jumapili mbili baadaye hakuja tena. Watoto wa nyumba hizo mbili, waliokuwa wakila chungu kimoja, wakakatazwa kuvuka mpaka. Na mjane, baada ya maombi yangu yote, alivuna debe tatu.

Msimu uliofuata nilipanda mahindi yangu nyuma ya kanisa. Siku moja nikiwa napalilia, nikaona ua la zambarau. Halafu lingine. Nikasimama pale na jembe nikajiuliza: sasa mimi nani amenitupia?

Nilikemea, nikafunga siku tatu, nikapaka mafuta kwenye pembe nne za shamba. Maua yakaendelea kuchanua. Ndipo nikapiga simu kwa afisa wa kilimo, jambo ambalo ningefanya siku ya kwanza.

Alikuja na pikipiki. Hakunicheka. Aliomba jembe, akachimbua hindi moja polepole, akaosha mizizi kwenye beseni la maji. Kisha akanionyesha: mzizi wa kayongo ulikuwa umejishika kwenye mzizi wa hindi, ukinyonya.

"Pasta," akaniambia, "huyu hula chini muda mrefu kabla hujamwona juu."

Akanieleza. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu. Zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Mzizi wa hindi, mtama au wimbi ukipita karibu, unatoa kemikali fulani, na mbegu ikiipata inaamka, inaota na kujishika hapo. Ndiyo maana mahindi hunyauka na mvua inanyesha. Na hunawiri zaidi kwenye udongo uliochoka. Udongo wa mjane ulikuwa umechoka: tangu mume wake afariki, ilikuwa ni mahindi juu ya mahindi bila samadi. Mke wa shemeji yake alikuwa na ng'ombe wawili, akiweka samadi kila mwaka na kubadilisha mahindi na maharagwe. Uchawi wake ulikuwa huo tu.

Nikamuuliza afisa, "Sasa hapa kwangu limefikaje?" Akasema mbegu husafiri kwa majembe, kwa viatu, kwa kwato za ng'ombe, na hata ndani ya mbegu za kununua sokoni.

Nikanyamaza. Nilikumbuka siku niliyowapeleka vijana wa kanisa kumsaidia mjane kupalilia. Tulitumia majembe yangu. Tulirudi tukiimba, udongo wa shamba lake ukiwa bado kwenye majembe na viatu vyetu, na Jumatatu nikaingia nayo shambani kwangu. Siwezi kuapa kwamba ndivyo lilivyofika. Lakini nilifikiri: huenda mkono wa mtu ulikuwepo kweli, na ulikuwa wangu.

Sasa nisikilize, mpendwa. Sisemi usiombee shamba. Mimi naombea langu hadi leo. Lakini soma Isaya 28:23-29. Nabii anamtazama mkulima anayejua wakati wa kulima, mahali pa kupanda kila mbegu, na namna ya kupura kila nafaka, naye anasema Mungu ndiye aliyemfundisha. Maarifa ya kilimo ni neno la Mungu pia kwa mkulima. Hosea 4:6 tunapenda sana kuitaja madhabahuni, juu ya watu kuangamia kwa kukosa maarifa. Ikifika kwenye mahindi tunaisahau, tunatafuta mchawi.

Wengi wetu tulifanya hivyo hivyo mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya. Tulikemea kwanza, tukakagua majani baadaye.

Najua mmoja wenu ataniuliza, "Pasta, na Mathayo 13? Si Bwana alisema magugu yaachwe yakue pamoja na ngano?" Soma mpaka mstari wa 38. Yesu mwenyewe anaeleza kwamba shamba lile ni ulimwengu, na magugu yale ni watu. Kwa hiyo watu ndio tulioambiwa tusiwang'oe. Mimi nilifanya kinyume. Nililiacha gugu shambani, nikamng'oa mtu kanisani.

Basi kama una kayongo, fanya hivi.

Kwanza, ling'oe kabla halijatoa maua, na uchome ulichong'oa. Usitupe njiani wala kwenye mbolea. Rudi hata baada ya kuvuna, kwa sababu huendelea kuota.

Pili, osha jembe na viatu kabla ya kuingia shamba lingine. Ukiwasaidia majirani kupalilia, hili ni tendo la upendo pia.

Tatu, lisha udongo wako samadi, na ubadilishe mimea. Panda maharagwe, soya au karanga. Usibadilishe mahindi kwa mtama, utakuwa umempikia adui chakula kingine.

Nne, uliza kuhusu vuta-sukuma. Ni njia iliyotengenezwa na watafiti wa Icipe pamoja na wenzao tangu miaka ya 1990, na kazi nyingi ilifanyika Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Unapanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za napia kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu inaamsha mbegu za kayongo lakini inazizuia kujishika kwenye hindi, hivyo zinakufa. Harufu yake inafukuza nondo wa funza wanaotoboa mabua, na napia inawavuta nje ya shamba. Inarutubisha udongo, na ng'ombe anapata chakula. Lakini sitakudanganya: mbegu yake si rahisi kwa bei, na msimu wa kwanza huchelewa kushika, lazima upalilie kwa mkono na kwa subira. Mpigie afisa wa kilimo wa wadi yako.

Baada ya kujua haya yote, nilienda kwa yule mama niliyemchafulia jina. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Hakunipa kiti. Nilipomaliza kuomba msamaha akasema, "Pasta, ulinisema mbele ya watu. Usiniombe msamaha jikoni."

Alisema kweli. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema, "Nilidanganya. Sikuona mkono wa mtu." Hiyo ndiyo Jumapili ngumu kuliko zote tangu niitwe kwenye huduma. Washirika wawili walihama, wakasema pasta hana upako. Mjane alilia. Mama mwenyewe hakuwepo, alisikia kwa watu. Hajarudi kwetu, anaabudu kanisa lingine, na simlaumu.

Mjane alipanda desmodiamu. Msimu wa tatu alivuna gunia tano. Mwaka jana nilipita pale nikamwona amesimama kwenye mpaka na fungu la matawi ya desmodiamu, akimpa mke wa shemeji yake akapande. Hawakuwa wakicheka wala kukumbatiana. Mmoja alitoa, mwingine akapokea akasema asante. Watoto walikuwa wameshavuka zamani.

Mpendwa, kabla hujapanda msimu huu, jiulize kama kuna mtu uliyeacha kumsalimu kwa sababu ya ng'ombe aliyekufa, mtoto aliyeugua au mahindi yaliyonyauka. Na nani alikuambia ni yeye? Kama ni mtumishi, muulize alionaje. Kama ni mimi, naomba unisamehe.

Tuombe. Baba, tupe mvua kwa wakati wake. Tupe maarifa, na unyenyekevu wa kuuliza wanaojua. Tuponye na maneno tuliyosema bila kuona, na urudishe majirani tuliowapoteza. Katika jina la Yesu, Amina.

Ukiwa na jirani anayesumbuliwa na kayongo, mtumie ujumbe huu. Au afadhali, mpelekee mwenyewe, umsalimu. Barikiwa.