Daftari la Bibi

Muhula uliopita nilikuwa najaza fomu ya kuomba mafunzo kazini, nikafika kwenye kipengele cha "uzoefu wa kujitolea". Hapo nilikuwa vizuri: siku nne za usafi ufukweni, fulana, cheti, na elfu kumi ya nauli. Bibi alikuwa barazani anapepeta mchele. Nikamuuliza kwa utani, "Bibi, wewe ulishawahi kujitolea?"

"Mimi? Hayo mambo yenu wasomi."

Hata hajamaliza, mama wa nyumba ya pili akapiga hodi. Mpangaji wake kalazwa Muhimbili, hana ndugu hapa mjini, uji wa jioni nani atampelekea? Bibi akaweka ungo chini, akachukua daftari lake.

Hilo daftari nililikuta nilipohamia kwake Kariakoo, Mtaa wa Swahili. Ndani mna majina ya watu, nani anapanga chumba kipi, ametoka wapi, namba ya ndugu wa kupigiwa. Kurasa za nyuma ni michango ya misiba: buku, buku, buku mbili. Mhasibu angelia.

Bibi si kiongozi wa chochote. Zamani alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, ule mfumo ulioletwa na TANU miaka ya 1960. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mjumbe akabaki kuwa wa chama. Baadaye Bibi akaachia nafasi, ila watu hawakuacha kubisha hodi. Mimi mwenyewe nilipopeleka fomu ya mkopo serikali ya mtaa, ni yeye aliyenisindikiza. Boom mnayoniona nakula ilianzia barazani pale.

Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka Mchikichi na Congo. Vijana walikimbilia kuchimbua kifusi kwa mikono na nyundo. Mimi, nisiwafiche, nilisimama kwenye umati narekodi kwa simu. Niliporudi nyumbani kuchaji nikamkuta Bibi barazani, daftari mapajani, anawapigia mmoja mmoja: wabeba mizigo, mabinti wauza maduka, mama lishe. Akipokea mtu, Bibi anaweka tiki. Vocha ilipoisha akanipa elfu mbili, "Kimbia, niongezee."

Kufika magharibi walikuwa wamebaki wawili hawana tiki. Mmoja alitokea usiku, simu ilikuwa imezima chaji. Wa pili hakutokea. Kwenye daftari palikuwa na namba ya kaka yake Lindi, na ni Bibi aliyepiga.

Ile video nimeshaifuta.

Sasa nyumba imepata mnunuzi. Ni ya urithi, wajomba wamekubaliana, na nyumba za aina yake zimebaki chache mtaani kwetu. Litajengwa ghorofa la maduka. Siwalaumu wajomba, maana hela yenyewe si ya mchezo. Nachowaza ni pale pa kubisha hodi, kwa sababu maghorofa haya hayana baraza, yana mlinzi. Nusu ya majina kwenye daftari yameshapigwa mstari: wamehama.

Bibi anapelekwa Chanika. Wiki iliyopita alinituma nimnunulie kaunta buku, kwaya tatu. Nikamuuliza ya nini tena wakati anahama.

"Kwani Chanika hakuna watu?"