Mwimbaji Anayengoja Jibu

Nimestaafu kazi ya kuchanganya sauti za bendi katika miaka ambayo bendi zenyewe zinaondoka jukwaani. Tamasha la leo, hata likiwa kubwa, mara nyingi lina mwimbaji mmoja, wacheza shoo, na flashi iliyochomekwa kwenye mashine. Gitaa halipo, ngoma hazipo, na fundi mitambo kazi yake imebaki kupandisha na kushusha sauti ya wimbo uliokwisha kurekodiwa. Nilikulia Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilipokuwa zikigombea mashabiki wa mji ule. Nilijifunza kutengeneza redio, redio zikanifikisha kwenye amplifaya, na amplifaya zikaniweka nyuma ya mikisa hadi nywele zilipokuwa nyeupe. Hayo yanatosha kunihusu. Ninachotaka kukieleza ni swali lililonifuata kazini maisha yangu yote: mwimbaji mkubwa wa jukwaani anafanywa na nini? Waandaaji wamekuwa wakinijibu kwamba ni sura, ni mavazi, ni kucheza, ni sauti yenye nguvu. Mimi nashikilia kwamba ni sikio. Mkubwa ni yule anayesikia kinachomrudia kutoka kwa vyombo, kwa wenzake na kwa watu, kisha akafanya jambo linalofuata kwa kadiri ya alichokisikia. Mengine yote ni mapambo, na mapambo yanaazimwa.

Ushahidi wangu mwingi nitautoa kwenye muziki wa roki wa Uingereza na Marekani, na sababu yake ni ya kikazi. Bendi zetu za dansi zilirekodiwa kwa wingi na Redio Tanzania Dar es Salaam, lakini zilirekodiwa studio. Kilichokuwa kikitokea ukumbini usiku wa manane, wimbo ulipofika kwenye chemko na wachezaji wakakataa uishe, kiliwekwa kwenye mkanda mara chache sana. Kwa hiyo ukibishana juu ya Mbaraka Mwinshehe jukwaani, unabishana kwa kumbukumbu za wazee, na kila mzee ana yake. Roki ilipigwa filamu. Yeyote anaweza kuitazama picha ileile ninayoitegemea na kunipinga kwa dakika na sekunde.

Nianze na mfano wa sikio lilipokosekana. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga kwenye uwanja wa Shea mjini New York mbele ya watu zaidi ya 55,000. Amplifaya zao zilikuwa za wati 100 kila moja, na sauti za kuimba zilipitishwa kwenye spika za uwanja, zile za kutangazia mechi za besiboli. Watu walipiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na monita, yaani spika ndogo za kumwelekea mwanamuziki ili ajisikie, na mpiga ngoma wao Ringo Starr amesimulia jinsi alivyolazimika kutazama miili ya wenzake kujua wimbo umefika wapi. Hao walikuwa watunzi bora wa kizazi chao, wamekomaa kwa kupiga usiku kucha kwenye vilabu vya Hamburg, wana sura, wana mavazi, wana mashabiki wanaozimia. Kila kitu ambacho mwandaaji anakitaka walikuwa nacho. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, walipiga onyesho la mwisho la ziara zao San Francisco wakaacha kabisa kuzunguka. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini hii ya kutosikika wala kujisikia walieleza wenyewe. Mwanamuziki asiyesikia jukwaani huwa amekwisha kuacha kupiga, hata kama vidole vinaendelea.

Sasa tumtazame aliyesikia. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid uwanja wa Wembley, London, Queen walipanda jukwaani wakapiga kwa dakika kama 21 mbele ya watu wapatao 72,000. Wengi hulitaja onyesho lile kuwa bora kuliko yote katika historia ya roki, na kwa hesabu zangu wana haki. Lakini ukiwauliza kwa nini, watakuambia habari za mwimbaji wao Freddie Mercury kukimbia, fulana nyeupe, na ile nusu ya stendi ya kipaza sauti aliyoizungusha mkononi. Nawaomba watazame tena. Jua lilikuwa bado halijazama, kwa hiyo taa hazikuwa na kazi. Jukwaa lilikuwa la wote, bendi zikipishana mbiombio, kwa hiyo hapakuwa na mapambo yao wenyewe. Wimbo wao mkubwa kuliko wote, ‘Bohemian Rhapsody’, waliukata wakapiga kipande tu. Kilichobaki ni wanamuziki, vyombo vyao, na uwanja.

Na uwanja una tatizo ambalo fundi mitambo hulijua vizuri. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 100 kutoka jukwaani husikia pigo la ngoma likiwa limechelewa kwa karibu theluthi moja ya sekunde, akipiga makofi kwa kufuata alichosikia, makofi yake hutumia muda huohuo kurudi, na aliye jukwaani huyapata yakiwa nyuma kwa zaidi ya nusu sekunde. Kwa wimbo wa mwendo wa wastani, hilo ni pigo zima. Ndiyo maana waimbaji wengi wakiomba makofi uwanjani, muziki huvurugika ndani ya muda mfupi: mpiga ngoma anavutwa nyuma na umati, mwimbaji anakimbilia mbele, na lawama zote zinamwangukia aliyekaa kwenye mikisa. Katika ‘Radio Ga Ga’ Mercury hakuutegemea mlio peke yake. Aliinua mikono juu ya kichwa mahali ambapo kila mtu angeiona, na mwanga hauchelewi. Filamu inaonyesha uwanja mzima ukiinua mikono karibu pamoja. Kisha akafanya jambo ambalo nalihesabu kuwa kubwa zaidi: vyombo vikanyamaza, akatupa kipande kifupi cha sauti bila maneno, akanyamaza na yeye, akangoja. Hakutupa cha pili mpaka cha kwanza kimerudi chote, pamoja na mkia wake kutoka safu za mwisho. Kilichorudi kikiwa imara, kilichofuata kilikuwa kirefu zaidi na kigumu zaidi. Huyo ni mtu anayepima kazi yake kwa sikio papo hapo, mbele ya dunia nzima.

Wala halikuwa jambo la kubahatisha siku ile. Mwaka 1977 kwenye ukumbi wa Bingley, Stafford, watu walikataa kuondoka baada ya onyesho wakawaimbia Queen wimbo wa mashabiki wa kandanda. Bendi nyingi zingepunga mikono na kwenda kulala. Mpiga gitaa wao Brian May aliondoka na swali: umati uliobanana hivi unaweza kufanya nini? Unaweza kupiga miguu, kupiga makofi na kuimba. Kutokana na hapo akatunga ‘We Will Rock You’, wimbo unaokwenda kwa miguu, makofi na sauti, gitaa likiingia mwishoni. Tangu wakati huo walikuwa wakitunga huku wamemwachia msikilizaji nafasi ndani ya wimbo. Rio de Janeiro, Januari 1985, Mercury aliuachia umati wa watu wasiozungumza Kiingereza uimbe ‘Love of My Life’ kwa Kiingereza, naye akawaongoza kwa mkono. Mwenye sauti kama ile kukubali kunyamaza ni uamuzi mzito, na waimbaji wengi hawauwezi kwa sababu wanaogopa kusahauliwa ndani ya ukimya wao wenyewe.

Najua tutaambiwa kwamba Mercury ni mtoto wa Unguja na kwamba damu ya pwani ndiyo iliyomfundisha. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Sina ushahidi wowote kwamba taarab au ngoma zetu zilimfunza kazi, na sitajisifia nisichoweza kukithibitisha. Ninachoweza kusema ni kwamba kuimba na kuitikiwa hakukuanzia Wembley. Katika ngoma zetu kiongozi hutoa, kundi huitikia, na kiongozi asiyengoja kuitikiwa huachwa peke yake uwanjani. Katika taarab msikilizaji hutoka kitini kwenda kumtunza mwimbaji, na mwimbaji hodari hujua ni mshororo upi umemgusa yule anayekuja, akaurudia. Bi Kidude aliimba mpaka uzeeni sana akiwa na ngoma yake kiunoni, sauti imekwaruza, na bado aliwashika watu wa nchi wasiojua neno moja la Kiswahili. Vijana wetu wanaoiga mavazi ya waimbaji wa Marekani wameuruka urithi ulio mlangoni kwao, na jambo hilo linaniuma.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni Jimi Hendrix. Huko Woodstock, Agosti 1969, alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi wakati sehemu kubwa ya umati ilikuwa imeshaondoka, na hata hivyo jinsi alivyoupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa ni miongoni mwa mambo yanayokumbukwa kuliko yote katika tamasha lile. Kama ukubwa ni kuwasikia watu, watu walikuwa wapi? Nimelifikiria sana, na jibu langu linapatikana kwenye mitambo. Hendrix alikuwa akipiga gitaa na amplifaya kwa pamoja. Mlio wa spika unarudi kwenye nyuzi, nyuzi zinatetemeka tena, na kelele ambayo fundi yeyote hukimbilia kuizima yeye aliifanya iwe sauti ya muziki. Kulishika hilo kunataka kujua, kila nukta, umesimama umbali gani na spika na gitaa limeelekea wapi, kwa sababu hatua moja hubadilisha mlio. Alikuwa anasikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote pale. Watu wanaukumbuka moto aliowasha kwenye gitaa Monterey mwaka 1967, lakini moto hata mtoto anaweza kuuwasha. James Brown naye, ambaye alipiga Kinshasa Septemba 1974 kwenye tamasha walilokuwapo pia Franco na Tabu Ley, alikuwa akiwatoza faini wanamuziki wake wakikosea. Siusifu ukali ule. Nasema tu kwamba kumtoza mtu faini kwa noti moja kunataka kwanza uisikie, na yeye aliisikia huku anacheza.

Haki inanitaka niongeze kwamba sikio la jukwaani halimfanyi mtu kuwa mwema. Mwaka 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende. Walisema wanawapigia mashabiki tu. Mashabiki wale walikaa mahali palipojengwa juu ya dhuluma, na waliostahili kusikilizwa walikuwa nje ya ukumbi. Naupenda ufundi wao na nalilaani jambo lile, yote mawili kwa pamoja.

Wapo watakaoniambia kwamba hata Queen walitumia kanda. Ni kweli. Sehemu ya katikati ya ‘Bohemian Rhapsody’, yenye sauti nyingi zilizopandishwa studio moja juu ya nyingine, haikuweza kuimbwa na watu wanne. Basi wakawa wanaondoka jukwaani, kanda inapigwa, taa zinacheza, kisha wanarudi gitaa linapoanza. Hawakusimama pale wakifunua midomo. Walimwonyesha aliyelipa kiingilio kwamba hiki ni kanda na kile ni sisi. Na tatizo la kuimba juu ya flashi halikomei kwenye udanganyifu. Flashi haisikii. Umati ukitaka kiitikio kirudiwe, haiwezi kurudia, ukichelewa, haingoji, mwimbaji akipata wazo zuri katikati ya ubeti, linampita. Ndipo anabaki kupiga kelele, "Mikono juu! Mpo?", na kabla watu hawajajibu kama wapo, wimbo umeshasonga mbele.

Mwandaaji atasema bendi ni ghali: usafiri, vyakula, malazi, mazoezi. Hoja hiyo ni ya kweli na siidharau, kwa kuwa nimewaona wanamuziki wazuri wakiacha kazi kwa njaa. Lakini si lazima wawe watu kumi na watano. Mpiga ngoma mmoja, bezi na gitaa moja wanatosha kumpa mwimbaji kitu kinachoweza kumngoja. Na lipo jambo lisilogharimu hata hicho. Kwa miaka mingi nilifanya kazi na waandaaji waliofungua milango kabla hatujajaribu mitambo, wakaona muda wa majaribio ni muda wa kupoteza, kisha usiku wakamlaumu mwimbaji kwamba amepwaya. Amepwaya kwa sababu hakujisikia. Basi nawaomba ninyi mnaoandaa matamasha sasa: mpeni mwimbaji saa mbili za mchana, ukumbi ukiwa mtupu, monita zikiwa zimemwelekea, fundi akiwa kwenye mikisa. Na wewe kijana unayeimba, usikubali kupanda jukwaani bila saa hizo, hata ukiahidiwa malipo mazuri kiasi gani.