Toleo jepesi: nilizike au nilibebe?

Wiki hii sizungumzii mapenzi wala mitindo ya nywele. Kuna kitu kidogo tu kinachoenea kwenye flashi ya bei poa, na kimenifanya nibishane na mshikaji wangu wa Dar mpaka vocha ikakata.

Iko hivi. Hapa Mbinga mjini nina kibanda cha kutengeneza kompyuta. Tangu 2020 nawafungashia bure vijana wanaotaka kujifunza kuandika programu: lugha ya Python, Thonny ya kuandikia (iliyoanzia Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia), mazoezi niliyoyatunga mwenyewe kwa Kiswahili na kiprogramu changu cha kuyasahihisha. Matoleo ni mawili. La kawaida ni la mashine za kisasa. Jepesi ni la zile laptopu kuukuu za Windows 7 na memori ya GB 2, ambazo kaka mtu alizinunua Kariakoo, akazitumia mpaka akachoka, kisha akamtumia mdogo wake kijijini: "Haya, jisomee."

Sasa hilo jepesi niendelee nalo au basi?

Usione ni swali la kitoto. Python 3.8, iliyotoka Oktoba 2019, ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Ukileta 3.9, inagoma. Wenyewe waliacha kuirekebisha hiyo 3.8 Oktoba 2024. Windows 7 nayo Microsoft waliiachia mkono tarehe 14 Januari 2020, na Chrome wakafuata 2023. Kwa hiyo kila nikitunga zoezi jipya lazima nilijaribu mara mbili, kwenye mashine mpya na kwenye ile kuukuu, na hiyo kuukuu mpaka iwake chai imeshapoa. Kuna amri tamu inaitwa match, ilikuja na Python 3.10 mwaka 2021. Siigusi, maana kule kwenye 3.8 haieleweki. Jumapili zangu zinaliwa hivyo hivyo, na mke wangu keshaanza kuniuliza hiyo Python ni nani.

Mshikaji wa Dar hana longolongo: "Acha huruma, waambie wanunue mashine." Bwana yule ana hoja. Windows 7 iliyounganishwa na intaneti leo ni nyumba isiyo na mlango. Kijana aliyezoea mambo ya 2019 akienda kuomba kazi mjini atakuta wenzake wako mbali. Halafu hata wakubwa wanafunga. VS Code waliacha Windows za biti 32 mwaka 2023. Debian, kimbilio la wenye mashine chovu miaka nenda rudi, toleo lao la 13 la Agosti 2025 huwezi tena kuliweka kwenye kompyuta ya biti 32. Kama hao wameshindwa, fundi wa Mbinga ni nani?

Lakini yule jamaa hajawahi kushuka ziwani. Unatoka kwenye baridi letu la milimani, kwenye kahawa na mashimo ya ngolo, unateremka na ile lami mpaka Mbamba Bay, joto linakuvua sweta lenyewe. Ukifuata ufuko kwenda upande wa Liuli, yuko dada mmoja mwalimu mwenye laptopu 6 za msaada, zote Windows 7. Nilipomdokeza kwamba nafikiria kulifunga toleo jepesi, alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, ukilifunga hilo, kwangu klabu imekufa."

Klabu yenyewe si ya maonyesho. Mtoto mmoja wa Kidato cha Tatu ameandika programu ya kumhesabia mama yake ndoo za usipa anazokopesha: nani kalipa, nani anamkwepa. Haifiki mistari 50. Haihitaji intaneti wala hiyo match. Mama mtu eti sasa anaogopwa sokoni! Nenda kamwambie huyo mama anunue laptopu mpya kwanza ndipo mwanawe aendelee.

Na ile hoja ya nyumba isiyo na mlango? Laptopu za klabu ile haziingii kwenye intaneti kabisa. Kirusi kikifika kule kitakuwa kimesafiri kwa flashi, na flashi inayokwenda kule ni yangu. Hapo nikaona kwamba jukumu la usafi ni langu hata nikilizika toleo jepesi, kwa sababu hao watu hawatazitupa mashine zao eti kwa kuwa fundi amechoka.

Kitu kingine mafundi wengi hatukisemi: laptopu nyingi za enzi zile zina Windows ya biti 32 lakini prosesa yake ni ya biti 64. Nilimwomba mwalimu anisomee jina la prosesa ya kila moja kwa simu. Nne zinafaa! Hizo nitaziwekea Debian yenye sura nyepesi, zitumie Python ya leo na toleo la kawaida kama za mjini. Mbili haziponi.

Basi uamuzi wangu ni huu. Toleo jepesi halipati zoezi jipya. Nitarekebisha tu pale linaposahihisha vibaya. Simpi mwanafunzi mgeni. Litafungwa hawa waliopo watakapomaliza Kidato cha Nne, na tarehe nimemwandikia mwalimu kabisa. Mwaka 2022 GitHub walitangaza Juni kwamba wanaifunga Atom, wakaifunga tarehe 15 Desemba. Watu walipata miezi sita ya kuhama. Mimi natoa zaidi ya hiyo, maana huku kuhama kunataka nauli.

Mwalimu amebandika tarehe ukutani. Ugomvi uliobaki ni nani atakaa kwenye zile mbili. Nimemwambia huyo mtoto wa usipa asimhamishe mpaka nifike na tuijaribu programu ya mama yake kwenye Debian, ndoo kwa ndoo, deni kwa deni.