Msondo Ulipofika Nyegezi

Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, na sauti ndiyo iliyobaki. Namna alivyosimama, namna alivyomgeukia mpiga udi, yote hayo alikwenda nayo kaburini mwaka 1950. Hata Maria Callas, malkia wa opera, aliyeimba zama za kamera, hakuuachia ulimwengu ila picha chache za jukwaani, kama vile sehemu ya pili ya Tosca, London, mwaka 1964, na matamasha ambamo amesimama tu na gauni lake. Wapenzi wake huzirudia kanda hizo hata wakajua atavuta pumzi wapi.

Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyejifunza uimbaji kwa kumsikiliza Siti, alipata zaidi. Filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 na kanda za majukwaa ya Unguja na Ulaya zinamwonesha ameupanda msondo, mshipa wa shingo umesimama. Pumzi huelekea kukatika, kisha ile sauti ya mkwaruzo hupanda pale pale msikilizaji alipokata tamaa. Santuri haiwezi kulionesha hilo. Bibi alifariki Aprili 2013. Kanda zingali zinasafiri.

Zimefika hata Nyegezi, pembezoni mwa Mwanza, penye majabali na maji ya Ziwa. Usukumani ngoma ni mashindano. Bagika na Bagalu hupambana uwanjani, na mshindi ni aliyevuta umati mkubwa. Ngoma isiyo na watazamaji imekwisha kushindwa. Msondo wa Bi Kidude, kinyume chake, asili yake ni unyago: mlango umefungwa, wanawake peke yao, mwari na somo wake, na maneno yasiyotoka nje. Alipoutoa hadharani wapo Waunguja walioona haya, na haya yao ilikuwa na haki. Walakini bila ujasiri ule, ufundi wake wa ngoma ungezikwa kama kusimama kwa Siti.

Binti mmoja wa Unguja, aliyeolewa Nyegezi, aliiweka kanda hiyo mbele ya mama mkwe wake.

“Mwanangu,” akauliza mama, “na wa upande wa pili wako wapi?”

“Hakuna upande wa pili, mama. Hii huchezwa ndani.”

“Ndani! Sasa atamshinda nani?”

Wakacheka mpaka ikapigwa hodi. Baba mkwe. Binti akaruka, akaisogeza kanda mbele hadi pale Bi Kidude amesimama na taarabu, fidla na kanuni nyuma yake, kanga begani. Mzee akakaa kando, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza mkewe, si mkwewe, iwapo bibi yule, kwa umri wote huo, hakuwahi kufundishwa kupiga ngoma.