Sauti Ndani ya Matatu ya Rabai

Juma lililopita tulikwenda Rabai kuhani msiba. Pale Mazeras tulipanda matatu ya watu 14 iendayo Kaloleni, tukakaa nyuma. Njia hiyo hupanda vilima vya minazi, na misitu ya kaya za Rabai, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, haiko mbali. Ni safari fupi, ya kutazama na kunyamaza.

Kijana mmoja akafungulia simu yake mawaidha, sauti juu kabisa. Mbele yake mama alimpakata mtoto mwenye homa. Kila akitaka kusinzia, hushtuka. Mama akamsihi kijana apunguze.

"Haya ni maneno ya dini, mama."

Nasi tulinyamaza. Tukiri: sauti ile ilikuwa yetu, darsa ya Ramadhani, na nafsi ilifurahi kujisikia. Rabai ilipoanza kuonekana, pale walipohamia Krapf na Rebmann mwaka 1846, ndipo tulipomgusa bega.

"Mwanangu, zima. Asemaye humo ni huyu aliye nyuma yako, naye amekosa kuliko wewe."

Akazima, amefadhaika. Mtoto akalala.

Mama yule alishuka kituo kilichofuata.