Spika za Pikapu na Masikio ya Watoto



Kila Jumamosi tunawachukua watoto wa Kimihurura kwa pikapu, dabo kebini, kwenda madrasa Nyamirambo. Njiani tunasikiliza kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyerekodi Qur'ani nzima mwaka 1961. Kwa spika zilizokuja na gari, "thaa" na "sini" zilisikika sawasawa, na watoto wakaanza kuzisoma hivyo hivyo darasani. Hapo tukaona kuwa jambo hili si la anasa.

Spika nyingi za kiwandani zina koni moja tu ya karatasi. Sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazotenganisha herufi hizo, hufifia. Tuliweka spika za omu 4, zinazolingana na redio, zenye spika ndogo ya pekee kwa sauti nyembamba. Tukazungushia mkanda wa sponji ukingoni ili bati la mlango lisitetemeke. Amplifaya hatukununua, nguvu ya redio inatosha.

Ndugu wazazi, tusitafute makelele, kwani jirani ana haki yake. Tutafute usafi wa sauti, maana mtoto husoma kama anavyosikia.

Wabillahi tawfiq.