Nyota kwenye ujumbe haitoshi: siku ikibadilika, iandikwe kwa maneno

LIKASI. Kikula, Panda na Shituru, tangazo siku hizi mara nyingi huanzia kwenye simu. Shefu wa kartie anaandika kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye simu kubwa anasoma, kisha anamnakilia kwa SMS jirani mwenye simu ndogo ya vibonyezo. Katika safari hiyo fupi, neno lililo zito kuliko yote linaweza kupotea.

Chukua tangazo la kuandikisha familia zilizohama. Siku imebadilika, na mwandishi anatuma hivi: ~Jumanne~ *Alhamisi*. Kwenye WhatsApp, viwimbi vinakata Jumanne kwa mstari na nyota zinanenepesha Alhamisi. Kila mtu anaelewa. Lakini SMS haina herufi nene wala mstari wa kukata. Mama aliye Panda anapata viwimbi, nyota na siku mbili.

"Mama, wameandika Jumanne, Alhamisi," mtoto anamsomea.

"Basi ni kuanzia Jumanne, mwanangu."

Jumanne alfajiri anakopa pesa ya pikipiki, anabeba karatasi zake na mtoto mgongoni, anakuta mlango umefungwa. Alhamisi hana tena pesa ya kurudi. Jina lake halimo kwenye orodha, na asiyekuwa kwenye orodha hapati unga wala turubai.

Mji huu unajua uzito wa siku moja. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa makwao walilala stesheni ya Likasi wakingoja treni. Simu za mkononi hazikuwa bado za watu wa kawaida. Leo zipo, lakini anayengoja bado anauliza lile lile: ni siku gani?

Alama hizi zina sababu yake. Maandishi ya kompyuta za zamani yalikuwa ya aina moja tu, bila herufi nene. Watu wakaanza kuzungushia neno nyota, ili msomaji ajue kwamba hapo sauti inapanda. Mwaka 2004, Mmarekani John Gruber alitoa kanuni za kuandika ziitwazo Markdown. Humo, nyota moja kila upande hulaza herufi. Nyota mbili kila upande huzinenepesha. WhatsApp ilileta alama zake mwaka 2016, na kwake nyota moja kila upande inatosha kunenepesha, mstari wa chini hulaza, kiwimbi hukata. Kwa hiyo hata nyota yenyewe haisemi jambo moja kila mahali.

Tena nyota lazima ishikane na neno. Ukiacha nafasi kati ya nyota na herufi, haifanyi kazi, inabaki nyota tu. Hatari zaidi ni kuzungushia nyota namba ya simu. Wengi wamezoea kubonyeza nyota wanapotafuta salio la unite. Mzee akipata namba yenye nyota kwenye SMS, anaweza kuibonyeza pamoja na nyota zake, na simu isipite.

Mtangazaji wa redio hana nyota wala kiwimbi. Akitaka neno lisikike, analipanga ndani ya sentensi: "Si Jumanne tena. Siku ni Alhamisi peke yake. Narudia: Alhamisi." Kiswahili kina nguvu hiyo. Tunasema leo leo, hapa hapa, huyu ndiye, hakuna malipo hata franka moja. Maneno hayo yanapita kwenye WhatsApp, kwenye SMS na kwa mdomo wa mtoto anayemsomea bibi yake, bila kupungua.

Hakuna anayekatazwa kutumia nyota. Zinasaidia macho kwenye ujumbe mrefu. Lakini ziwe pambo juu ya sentensi iliyokwisha kusema kila kitu. Siku ya zamani isikatwe kwa kiwimbi. Ifutwe kabisa, au iandikwe wazi kwamba haipo tena. Namba ya simu ikae peke yake kwenye mstari wake, bila alama yoyote.

Kabla ya kutuma, msomee kwa sauti mtu aliye karibu, bila kumwonyesha simu. Halafu muulize: ni siku gani? Akijibu Alhamisi bila kusita, tuma.